Mafuta Hupikwa Wapi, na Yakiiva Huenda Wapi? Maswali Ninayoulizwa Kila Mara

Kazi yangu ni kukadiria mambo ambayo hakuna aliyeyaona kwa macho: mwamba fulani ulipata joto kiasi gani miaka milioni 40 iliyopita, ukatoa mafuta mangapi, na mafuta hayo yakashika njia ipi. Ndugu na jamaa huniuliza maswali yaleyale kila tukikutana, na wanafunzi wa jiolojia nao wana ya kwao. Nimeyakusanya yote hapa. Mifano mingi ni ya kwetu, Pwani ya Tanzania na mabonde ya ufa, kwa sababu ndiko ninakokujua.

Kwani mafuta hayakai chini kama ziwa?

Hayakai hivyo. Yamo ndani ya jiwe. Limwagie maji tofali la mchanga uone linavyoyanywa. Maji yale yako wapi? Yamejibanza kwenye vitundu kati ya punje na punje. Mwamba hifadhi ndivyo ulivyo. Ukipata mwamba wa mchanga ambao robo ya ujazo wake ni vitundu, una bahati.

Mafuta yanatokana na nini? Ni kweli ni dinosaria?

Dinosaria waacheni wapumzike. Mafuta yanatokana zaidi na mwani na viumbe vidogo vya majini, na kwa gesi, pia majani na magome yaliyosombwa na mito. Viumbe hivi hufa kila siku na karibu vyote huoza na kuisha. Kinachosalia ni kile kilichozama mahali pasipo na oksijeni, kikafunikwa na tope kabla hakijaliwa.

Ukitaka kuona mahali pa namna hiyo leo, nenda Kigoma ukasimame ufukweni. Ziwa Tanganyika lina kina cha karibu mita 1,470, lakini oksijeni inaishia kwenye mita 100 hadi 200 za juu tu. Chini ya hapo samaki hakai. Mwani unaoshuka huko unatulia kwenye tope jeusi, tabaka jembamba juu ya jingine, mwaka hadi mwaka. Tope hilo likizikwa kilomita kadhaa litakuwa mwamba chanzo. Sisi hatutakuwepo.

Mabaki hayo yakishaganda ndani ya mwamba huitwa kerojini. Kerojini ya mwani wa ziwani (aina ya I) ina haidrojeni nyingi na hutoa mafuta. Ya baharini (aina ya II) hutoa mafuta na gesi. Ya mimea ya nchi kavu (aina ya III) hutoa zaidi gesi. Shika hilo, tutalirudia tukifika kwenye swali la Mtwara na Hoima.

Mnajuaje kama mwamba unafaa kuwa chanzo?

Tunauchoma. Kisima kinapochorongwa, tope la kuchorongea hupandisha juu vipande vya mwamba. Vinachekechwa, vinaoshwa, vinakaushwa, vinasagwa. Kinachoingia kwenye mashine iitwayo Rock-Eval ni kidogo mno: miligramu 60 hadi 100 hivi, kiasi cha chumvi ya kwenye ncha ya kisu. Mashine inaanza kwa nyuzijoto 300 na kupanda polepole bila oksijeni, huku ikipima kinachotoka.

Kwanza hutoka mafuta yaliyokwishaiva na kubaki humo humo. Kilele hicho tunakiita S1. Kisha kerojini yenyewe huvunjika, nacho ni S2, yaani kile ambacho mwamba bado unaweza kutoa. Joto ambalo S2 inafika kileleni, Tmax, linatuambia mwamba umeiva kiasi gani: chini ya nyuzi 435 hivi bado mbichi. Ukigawa S2 kwa kiasi cha kaboni hai (ile iliyotokana na viumbe) kilichomo unapata kipimo cha haidrojeni. Kikizidi miligramu 600 kwa kila gramu ya kaboni, ni chanzo cha mafuta cha kutamanisha. Kikiwa chini ya 200, fikiria gesi.

Tahadhari moja kwa wanafunzi. Kabla hujashangilia S1 kubwa, uliza tope la kuchorongea lilikuwa la aina gani. Kama lilichanganywa na mafuta, unachopima ni dizeli ya watu.

Kwa nini mnazungumza sana juu ya "jiko"?

Kwa sababu mwamba chanzo bila joto ni unga bila moto. Sehemu ya bonde ambako mwamba huo umezikwa hadi ukafikia joto la kuivisha ndiyo jiko. Mafuta huanza kutoka kwa wingi kwenye nyuzijoto 90 hivi na kwa kawaida humalizika karibu na 150. Ukizidi hapo, hata mafuta yaliyokwishatoka, kama bado yamo humo, huvunjika yakawa gesi.

Hesabu ya kwanza ni ya darasa la saba. Juu ya ardhi ni nyuzi 25. Tuseme joto linaongezeka nyuzi 30 kwa kila kilomita. Utafika 90 kwenye kina cha kilomita 2.2, na 150 kwenye kilomita 4.2. Kwenye bonde la ufa ambako joto linaweza kupanda nyuzi 40 kwa kilomita, jiko linaanza kwenye kilomita 1.6. Kwenye ardhi baridi ya nyuzi 20 kwa kilomita, usitarajie kitu kabla ya 3.2.

Mimi mwenyewe hesabu hii rahisi ilishaniumbua. Nikiwa bado mgeni kazini nilipewa kisima cha bahari kuu, maji yake zaidi ya mita 2,000. Kwenye kisanduku cha joto la pale juu mwamba unapoanzia nikaandika 26, kama bahari ya Kigamboni mchana. Lakini sakafu ya bahari kule chini ni nyuzi 3 hivi, baridi kama ndani ya friji. Tofauti ya nyuzi 23 ukiigawa kwa 30 ni karibu mita 770. Jiko langu lote lilikuwa limepanda mita 770 juu ya mahali pake, na mwamba ambao haujaiva nikauchora umeiva vizuri kabisa, rangi ya kijani inang'aa kwenye ramani. Mzee mmoja wa ofisini aliitazama ramani, akaniuliza kwa upole, "Mwanangu, huko chini umewahi kuoga?" Nilielewa palepale.

Muda nao una kazi gani? Si joto tu?

Zote mbili, ila joto lina nguvu zaidi. Mwaka 1971 Mrusi Lopatin alitoa kanuni nyepesi: kila joto likiongezeka nyuzi 10, kasi ya kuiva huongezeka mara mbili. Kwa kanuni hiyo, miaka milioni 10 kwenye nyuzi 100 ni sawa na milioni 5 kwenye nyuzi 110. Siku hizi tunatumia mlinganyo wa Arrhenius, ambao ni ule ule wa kemia ya kidato cha tano. Unahitaji nishati ya kuanzisha mmenyuko, ambayo kwa kerojini huwa kwenye kilojuli 200 hadi 230 kwa moli. Maabara tunaliongeza joto ili kuufupisha muda: mwamba ukiloweshwa ndani ya chungu cha chuma kwenye nyuzi 330 kwa saa 72, unatoa mafuta kabisa. Ardhi haina haraka hiyo.

Ndiyo maana tunahitaji historia nzima ya kuzikwa, wala kina cha leo hakitoshi. Mwamba ulio mita 1,500 leo huenda uliwahi kuwa mita 3,500, kisha ardhi ikainuka na mvua ikakwangua zilizokuwa juu. Uliiva zamani, sasa jiko limezimwa. Ushahidi wa hilo uko kwenye vitriniti, vijipande vya mti ndani ya mwamba. Kadiri vinavyopata joto ndivyo vinavyozidi kung'aa chini ya hadubini, na mng'ao haurudi nyuma mwamba ukipoa. Mng'ao wa asilimia 0.6 ni mwanzo wa mafuta, 1.3 ni mwisho wake, na kutoka hapo ni gesi.

Basi kwa nini Mtwara na Lindi ni gesi, halafu Hoima na Turkana ni mafuta?

Hili ndilo swali ninalolipenda kuliko yote, na jibu lake lina mapishi mawili tofauti.

Tuanze na ufa wa magharibi. Chini ya Ziwa Albert, upande wa Hoima nchini Uganda, na kandokando yake kuna kilomita kadhaa za mashapo, na mengi yametuama ndani ya miaka milioni 20 hivi iliyopita. Kijiolojia hicho ni kichanga. Wengi wetu tunaamini chanzo ni tope la maziwa ya kale, lenye mwani na nta za mimea. Limezama kiasi cha kutoa mafuta, halijazama kiasi cha kuungua. Lokichar kule Turkana ni hadithi ya jinsi hiyo hiyo, ingawa ziwa lake ni la zamani zaidi. Alama ya chanzo hicho unaiona kwenye mafuta yenyewe: yana nta nyingi, yakipoa yanaganda kama samli. Ndiyo sababu bomba la kilomita 1,443 kutoka Hoima hadi Chongoleani, Tanga, limebuniwa liwe la kupashwa joto njia nzima. Mwani wa ziwa la kale ndio unaowaandikia wahandisi wa leo gharama ya umeme.

Pwani ni kongwe. Kuna mashapo ya kale ya Karoo, kisha ya Jurasi (zama za dinosaria) yaliyotuama wakati Madagaska ilipokuwa inaachana na Afrika. Baadaye mito, Ruvuma na Rufiji ikiwemo, ikaendelea kumwaga tope na mchanga baharini kwa mamilioni ya miaka. Chanzo kikazikwa chini ya kilomita nyingi za mzigo huo, kikapita joto la mafuta na kuingia la gesi. Ongeza na mimea ya nchi kavu iliyosombwa na mito, ambayo tangu mwanzo haikuwa na haidrojeni ya kutosha. Matokeo ni Songo Songo mwaka 1974, Mnazi Bay 1982, na kuanzia 2010 ugunduzi wa bahari kuu, hadi hesabu ya taifa kufika futi za ujazo trilioni 57 na zaidi za gesi iliyomo ardhini.

Je, pwani haina mafuta kabisa? Dalili zipo. Tundaua, Pemba, mafuta yanachuruzika. Wingayongo, karibu na Rufiji, kuna mawe ya mchanga yaliyojaa lami. Maoni yangu ni kwamba mafuta yalitoka, ila mengi yalitoka mapema, wakati mitego ya leo, yaani maumbo ya miamba yanayoyanasa mafuta, haijaumbwa, au baadaye yalisukumwa na gesi. Wenzangu wapo wasiokubaliana nami, na kisima kimoja kizuri kinaweza kuniaibisha.

Mafuta yakiiva yanatembeaje? Nani anayasukuma?

Aliyewahi kupika mafuta ya nazi anajua nusu ya jibu. Tui likichemka vya kutosha mafuta hujitenga na kupanda juu, kwa sababu ni mepesi kuliko maji. Miamba ya chini imejaa maji ya chumvi. Mafuta yanayotoka kwenye chanzo yanafukuzwa na msongo, maana kerojini ikigeuka mafuta na gesi inataka nafasi kubwa zaidi na mwamba hauna pa kutanukia, hivyo unajipasua nyufa ndogondogo. Huo ni msafara wa kwanza, mfupi, wa mita au makumi ya mita. Yakifika kwenye mchanga yanaanza msafara wa pili: yanapanda kufuata mteremko wa tabaka, chini ya dari ya mfinyanzi, kama povu chini ya barafu.

Kinachozuia ni njia nyembamba. Kupenya kitundu chembamba kilichojaa maji kunahitaji nguvu, na mfinyanzi una vitundu vyembamba mno. Tupige hesabu. Maji ya chumvi yana kilo 1,030 kwa mita ya ujazo, mafuta kilo 830. Safu ya mafuta yenye kimo cha mita 100 inasukuma juu kwa kilopaskali 196, karibu bar 2. Kama mfuniko, yaani dari hiyo ya mfinyanzi, unahimili bar 5, safu inaweza kukua hadi mita 250 hivi kabla haijavuja. Kwa gesi, iliyo nyepesi zaidi, mfuniko huohuo unachoka mapema.

Umbali hutofautiana. Kwenye mabonde ya ufa, yaliyokatwakatwa na mipasuko, mara nyingi ni kilomita chache tu kutoka jikoni hadi mtegoni. Magharibi mwa Kanada mafuta yalisafiri zaidi ya kilomita 100 hadi kufika kwenye mchanga wa lami wa Athabasca.

Kompyuta inafanya nini ambacho karatasi haiwezi?

Inashika kumbukumbu. Tunaanza na picha ya mitetemo (inayotumwa ardhini na kurudi kama mwangwi) na data za visima, tukiigawa ardhi katika matabaka, kila moja na umri wake. Kisha tunarudi nyuma, tabaka moja baada ya jingine. Tunavua la juu na kuyaacha ya chini yafumuke, kwa kuwa tope jipya huwa na vitundu asilimia 60 hadi 70, na uzito ndio unaolikamua. Tukifika mwanzo tunageuza: kompyuta inaanza kuzika upya, inapitisha joto kutoka chini, inaivisha kerojini, inasafirisha mafuta.

Kwa joto la ufa bado tunaegemea kazi ya McKenzie ya mwaka 1978: ganda la dunia likivutwa likawa jembamba, joto la chini linasogea karibu, halafu linapoa polepole kwa makumi ya mamilioni ya miaka. Kwa msafara kuna njia tatu. Mlinganyo wa Darcy, wa jinsi vimiminika vinavyopita kwenye vitundu vya mwamba, ni sahihi kimantiki, ila unaila mashine usiku kucha. Njia ya miteremko inafuata tu umbo la dari, mafuta yakijaza mtego mmoja na kumwagikia wa pili; inachukua dakika. Ya tatu inahesabu nguvu ya kupenya kila kitundu na kuacha mafuta yachague njia rahisi. Programu kama PetroMod zinakuruhusu kuchanganya. Mimi huanza na miteremko kila mara. Nikiona jambo la ajabu ndipo naiachia mashine usiku wa Darcy.

Halafu inakuja kazi yenyewe: kulinganisha. Joto la kisimani, vitriniti na msongo uliopimwa vikikataana na modeli, modeli ndiyo inayorekebishwa.

Unaweza kunionyesha jinsi mnavyopata idadi ya mapipa?

Twende na bonde la kubuni. Mwamba chanzo una unene wa mita 50 na umetanda kilomita za mraba 1,000 ndani ya jiko. Ujazo ni mita za ujazo bilioni 50. Kwa tani 2.4 kila mita ya ujazo, ni tani bilioni 120 za jiwe. Kaboni hai ni asilimia 3, yaani tani bilioni 3.6. Kipimo cha haidrojeni kilikuwa 600 ulipokuwa mbichi, leo kimeshuka hadi 300. Kila tani ya kaboni imetoa tani 0.3. Jumla ni tani bilioni 1.08, na kwa mapipa 7.3 kwa tani, karibu mapipa bilioni 7.9.

Usifungue soda bado. Sehemu kubwa hubaki kwenye chanzo, hupakaa njiani, au hutokea juu na kupotea. Tukisema asilimia 10 ndiyo iliyofika mtegoni, ambayo kwa mabonde mengi ni makadirio ya ukarimu, yamebaki mapipa milioni 790. Na kutoka mtegoni hayapandi yote: Uganda inakadiria mapipa bilioni 6.5 yaliyomo ardhini, yanayoweza kutolewa ni bilioni 1.4. Kwa uwiano huo bonde letu la kubuni linampa mwenye kitalu mapipa milioni 170 hivi, kati ya bilioni 7.9 zilizopikwa.

Sasa badilisha kaboni iwe asilimia 2, au unene uwe mita 30. Ndiyo maana anayekuletea namba moja pekee, bila ya chini na ya juu, mwombe akaketi tena na kompyuta yake.

Mafuta yakichuruzika juu ya ardhi, ni habari njema?

Ni njema kwa swali moja tu: jiko lilifanya kazi. Kwa swali la mfuniko inaweza kuwa mbaya. Kando ya Ziwa Albert machuruziko yalijulikana kwa wenyeji kabla ya mtu yeyote kuandika. Mwanajiolojia Wayland aliyaorodhesha miaka ya 1920, na kisima cha Waki kikachorongwa Butiaba mwaka 1938. Ugunduzi wa kibiashara ulisubiri hadi 2006, Mputa. Dalili ilikuwa ya kweli muda wote huo. Iliyokosekana ni ramani ya mitego.

Kama mna hayo yote, mbona visima bado vinatoka vikavu?

Lazima vitu vitano vikubaliane: chanzo, joto, njia, mwamba hifadhi, na mtego wenye mfuniko. Ukivipa kila kimoja uwezekano wa asilimia 70, ambayo ni matumaini makubwa, vikizidishwa vinatoa asilimia 17. Kisima kimoja kati ya sita.

Na kuna saa. Mtego ulioumbwa baada ya mafuta kupita ni sawa na kuweka ndoo mvua ikishakatika. Modeli nyingi ninazopelekewa kuzikagua zinakosea hapo, wala si kwenye kemia. Mtu amechora mtego mzuri wa miaka milioni 5 karibu na jiko lililozimika miaka milioni 60 iliyopita, na tarehe hizo mbili ziko kwenye kurasa tofauti za ripoti.

Utaalamu huu unasaidia lolote nje ya mafuta?

Ndiyo. Rukwa wanatafuta heliamu, ambayo haitokani na mwani bali na urani na thori zinazooza polepole kwenye miamba ya kale. Lakini maswali ni yaleyale: ilitoka lini, nini kiliifungua, ilipita wapi, na nani aliizuia. Jotoardhi nalo linatumia hesabu hizo hizo za joto.

Nina kijana anataka kuisomea kazi hii. Aanze na nini?

Fizikia, kemia na hisabati asizikimbie. Programu atazijua baadaye, zinabadilika kila mwaka. Mwaka wa kwanza mpeleke Kilwa au Lindi wakati wa kiangazi, palipokatwa barabara, akashike mfinyanzi kwa mkono na kulamba mchangatope (punje zake ni ndogo kuliko za mchanga, kubwa kuliko za mfinyanzi) kidogo. Mchangatope unakwaruza meno. Mfinyanzi hausikiki, unateleza ulimini. Atanishukuru siku atakapolazimika kuamua, kwenye sanduku la sampuli saa nane usiku, ni upi kati ya hiyo miwili unaoweza kuwa mfuniko.